Kidole cha Nne

Limbani, chumba cha uani,
kioo kimoja cha dirisha kilivunjika zamani
na hapana aliyekwenda Wete mjini kutafuta kingine.
Wamepachika picha ya eksirei, misumari miwili juu, gundi chini.
Saa tisa jua likipita, ukutani hutokea mguu:
mifupa mitano imelala sambamba,
wa nne
umekoma katikati ya neno.

Mie nimekuja kupamba.
Koni sita, piko kichupa kimoja, njiti, pamba, ndimu.
Mize binti Shaame kanyosha miguu juu ya mto,
somo wake kanikalia ubavuni, pumzi yake ya karafuu sikioni:
"Hicho kidole kizibe. Ua kubwa, majani mengi.
Wakwe wasikione kesho."

Nikakiangalia.
Hakikukatwa, hakikuungua, hakikukanyagwa na gari.
Safu ya sala naijua:
wanne bega kwa bega,
mmoja kaja mbio na udhu haujamkauka,
kasimama nyuma nusu hatua.
Sala yake nani ataikataa?

Juu ya kifundo, kungumanga chini ya ngozi.
Nikagusa. Gumu. Haliendi.
"Hilo la mama," akasema Mize,
"na hili la gotini la bibi, Mungu amrehemu.
Yalikua nilipokua, nilipoacha kurefuka yakaacha.
Daktari wa Chake kasema mfupa una mlango mwishoni,
ndipo urefu unapoingilia.
Kwetu sie milango mingine huota vichipukizi pembeni,
mingine hufungwa mapema,
mtu bado yumo njiani."

Yeye husomesha hesabu, darasa la sita.
"Kila mimba," akasema, "ni nusu kwa nusu.
Wala si kwamba wa kwanza akipata wa pili kasalimika.
Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana."
Somo akasema astaghafirullahi, maneno gani haya siku ya hina.

Wa kale walisema mwenye kidole hicho humzika mume.
Bibi yake alizika wawili, kweli,
na wa tatu akamzika yeye,
akalia wiki nzima, akakataa kula.
Hilo halisemwi.

Nikauliza, maana mdomo wangu hauna kifuniko:
"Na Faki anajua?"
"Nilimwonyesha mwezi wa Shaabani, kaka yangu kakaa mlangoni.
Alinyamaza. Nikasema basi, limekwisha.
Kisha akauliza, unavaa namba ngapi,
na je, mguu wa kulia na wa kushoto ni sawa?"
Akaashiria chini ya kitanda:
makubadhi mapya, ngozi bado inanuka,
ukanda umesogezwa upana wa njiti ya kiberiti
ili kidole kilichopanda juu kisichubuke.

Nikaanza kisiginoni.
Mwiba wa samaki, kisha mkarafuu wenye vikonyo,
tawi likapanda, likagawanyika mara tano,
na penye kidole cha nne
sikuchora ua. Tawi nikaliacha fupi,
kikonyo kimoja kilichofumba.
Somo akasonya, akatoka kwenda kutazama pilau.

Mlangoni kasimama Mchanga, mtoto wa dada yake,
miaka minne, kandambili za mtu mzima.
Kazivua. Kaweka mguu wake ubavuni mwa mguu wa Mize
kama anayepima kitambaa.
Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele,
akaacha kuchambua.

Vidole vyote vitano, safu moja, vimenyooka.
Mie nikashusha pumzi.
Mize akapitisha dole gumba polepole
chini ya goti la mtoto, akarudi, akapitisha tena,
akatulia pahala pamoja.

"Na mie nitiwe," Mchanga akasema.
Nikamtia. Nukta tatu, piko ikanidondoka mkekani.
Ukutani jua lilikuwa limeshahama,
mguu haupo,
dirishani imebaki karatasi nyeusi tu,
na huko nje mtu anaita: nani kaficha upawa?